Vyama pandikizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uchaguzi ukikaribia, maswali haya hurudi kibarazani, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye makundi ya WhatsApp. Nimeyakusanya na kuyajibu kwa mifano ya nchi ambako jambo hili lilifanyika mchana kweupe na hesabu zake zinajulikana, hasa Lesotho. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Chama pandikizi ni nini hasa?

Ni chama kilichosajiliwa kama chama huru, chenye jina, bendera na katibu mkuu wake, lakini maamuzi yake makubwa yanafanywa na chama kingine. Kwenye karatasi ya kura unaviona viwili, kumbe wanaoamua ni walewale. Mitaani kina majina mengi: kibaraka, mamluki, chama cha mfukoni. Kwa Tanzania utasikia zaidi "CCM B", jina ambalo limetupiwa vyama tofauti kwa nyakati tofauti, mara nyingi bila ushahidi wowote mezani.

Udogo peke yake si ushahidi. Kipo chama chenye wanachama wachache na ofisi ya chumba kimoja ambacho hakimsikilizi mtu yeyote ila mkutano wake mkuu. Hicho ni chama kidogo tu, na kinastahili heshima yake.

2. Kina tofauti gani na muungano wa vyama?

Muungano unatangazwa. Kule Ujerumani, CSU inasimama Bavaria na CDU inasimama kwingine kote, na kila mpiga kura anajua kwamba bungeni watakaa pamoja. Uingereza, Co-operative Party na Labour wana makubaliano tangu 1927 na wagombea wao wa pamoja hutajwa hivyo. Kenya ilirekebisha sheria ya vyama vya siasa mapema 2022 ili muungano uweze kusajiliwa kama chama. Unaweza kuupenda au kuuchukia muungano wa namna hiyo, lakini umeambiwa ukweli kabla hujapiga kura. Chama pandikizi huishi kwa kukuficha, au kwa kuificha sheria, kwamba hao wawili ni mmoja.

3. Chama kikubwa kina haja gani ya kuunda kidogo?

Sababu zinazojirudia ni tatu. Ya kwanza ni kuvuna viti ambavyo sheria iliviweka kwa ajili ya wengine (swali la 4). Ya pili ni kumegua kura za mpinzani (swali la 7). Ya tatu ni pambo: kuionyesha dunia kwamba ushindani upo (swali la 10). Chama kimoja pandikizi kinaweza kufanya kazi zote tatu.

## Hesabu zenyewe

4. Viti vinaibwaje wakati kura zimehesabiwa sawasawa?

Chukua Lesotho, uchaguzi wa tarehe 17 Februari 2007. Bunge lina viti 120. Viti 80 ni vya majimbo, na anayeongoza jimboni ndiye mbunge. Viti 40 vilivyobaki ni vya fidia. Mpiga kura alipewa karatasi mbili, moja ya mgombea wa jimbo na nyingine ya chama. Kura za chama ndizo zilizopaswa kuonyesha kila chama kinastahili viti vingapi katika bunge zima. Kama umeshapata vya kutosha majimboni, huongezwi kitu. Waliopigiwa kura nyingi lakini wakaangushwa majimboni ndio wanaofidiwa kutoka vile 40.

Viti hivyo vya fidia vilizaliwa na maumivu. Mwaka 1998 chama tawala, Lesotho Congress for Democracy (LCD), kilibeba viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Watu wakaingia barabarani, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakavuka mpaka kwa jina la SADC, na katikati ya jiji la Maseru kukateketea. Nchi ikakaa chini ikatafuta njia ya kumpa aliyeshindwa sauti bungeni. Uchaguzi wa 2002 njia hiyo ikafanya kazi: Basotho National Party (BNP), ambayo haikushinda jimbo hata moja, ilipata viti 21 vya fidia.

Halafu ikaja 2007. LCD ilisimamisha wagombea wa majimbo lakini haikupeleka orodha ya wagombea wa viti vya fidia. Ikapatana na chama kidogo, National Independent Party (NIP), na wafuasi wakaelekezwa hivi: kwenye karatasi ya jimbo wekeni LCD, kwenye karatasi ya chama wekeni NIP. Ndani ya orodha ya NIP walikuwamo watu wa LCD.

Sasa fanya hesabu. LCD ilishinda majimbo 61. NIP ilipata kura za chama zaidi kidogo ya nusu. Nusu na kidogo ya viti 120 ni kama viti 62. Kama kambi ile ingehesabiwa kuwa moja, ingestahili kuongezewa kiti kimoja hivi. Lakini NIP ilihesabiwa kama chama maskini kisicho na jimbo, kinachostahili kuhurumiwa, kikapewa viti 21. Jumla 82. Nusu ya kura ikageuka kuwa zaidi ya theluthi mbili ya Bunge.

Hakuna sanduku lililojazwa kura bandia katika hadithi hii, wala namba iliyobadilishwa usiku. Ndiyo maana naihesabu kuwa mbaya kuliko wizi wa kawaida: hata mwangalizi makini aliyekaa kituoni mpaka alfajiri asingeona kitu cha kuandika kwenye daftari lake.

5. Tume ya uchaguzi na mahakama vilikuwa wapi?

Tume ilipokea orodha kwa sababu sheria haikukataza chama kuacha kupeleka orodha, wala haikukataza vyama viwili kupatana. Kiongozi wa NIP mwenyewe hakukubaliana na mpango ule na suala likafika mahakamani, lakini mwishowe orodha ikabaki kama ilivyokuwa. Hebu fikiria: mtu anakiongoza chama, na bado hana uwezo wa kuzuia kisitumiwe.

Baada ya matokeo, upinzani uliitisha mgomo wa watu kukaa majumbani, na SADC ikamtuma rais mstaafu wa Botswana, Ketumile Masire, kusuluhisha. Alihangaika mpaka 2009 akaondoka bila mapatano. Dawa ilipatikana baadaye (swali la 14).

6. Hili ni tatizo la Afrika tu?

Hapana, na tusikubali kuambiwa hivyo.

Korea Kusini ilibadilisha sheria yake mwishoni mwa 2019 ili vyama vidogo vipate nafuu. Kati ya viti 300, viti 47 vilikuwa vya orodha, na 30 kati ya hivyo vikawekwa kuwa vya fidia. Chama kikubwa cha kihafidhina kikaunda chama cha pembeni kwa ajili ya orodha tu. Chama tawala cha Democratic kikalaani, kisha nacho kikawa na cha kwake. Ipo hila moja ambayo nikiikumbuka bado inaniuma. Mbunge wa orodha akihama chama kwa hiari yake anapoteza kiti, ila akifukuzwa anabaki nacho. Basi vyama vikubwa "vikawafukuza" baadhi ya wabunge wao kwa makubaliano, wakahamia kwenye pandikizi, ili pandikizi liwe na wabunge wa kutosha kupangwa juu kwenye karatasi ya kura. Adhabu kubwa kabisa ya chama ikageuzwa kuwa nauli.

Karatasi yenyewe ilikuwa na vyama 35 na urefu wa sentimita 48.1, ikazidi uwezo wa mashine, kura zikahesabiwa kwa mkono. Uchaguzi ulifanyika tarehe 15 Aprili 2020. Kufikia mwisho wa Mei, mapandikizi yote mawili yalikuwa yamesharudi kwenye vyama vilivyoyazaa. Mwaka 2024 mchezo ukarudiwa, na karatasi ikafika sentimita 51.7.

Italia nayo, 2001: kambi kubwa zote mbili zilitumia orodha za kuzugia ili ushindi wao majimboni usikatwe kwenye hesabu ya viti vya orodha. Forza Italia ilifanikiwa kupita kiasi, ikastahili viti vingi kuliko majina iliyokuwa nayo, na viti zaidi ya kumi vikabaki wazi.

7. Kumegua kura za mpinzani kunafanyikaje?

Unatafuta kinachompa mpinzani nguvu, unakitengenezea mfano wake. Urusi ndiko shule kubwa. Mwaka 2003 chama cha Rodina kiliandaliwa kwa msaada wa Kremlin, yaani ikulu ya Urusi, kabla tu ya uchaguzi, kikazungumza lugha ya wanyonge na uzalendo, na kikapata takriban asilimia 9. Wakomunisti, waliokuwa na asilimia 24 mwaka 1999, wakashuka hadi kama 12.6. Rodina siyo sababu pekee ya anguko hilo, lakini ilikaa palepale ambapo kura zao zilikuwa zinapita. Baadaye kikajitokeza pia chama kiitwacho Communists of Russia, chenye jina la kumchanganya bibi kizee asiyeona vizuri.

Mbinu hiyo ikishuka kwa wagombea inakuwa hivi: St. Petersburg, Septemba 2021, mgombea wa upinzani Boris Vishnevsky alikuta kwenye orodha Boris Vishnevsky wengine wawili. Walikuwa wamebadilisha majina yao rasmi, na katika picha wote watatu wana upara na ndevu za mvi.

## Madhara

8. Kura yangu naipiga mwenyewe. Mimi nadhurika vipi?

Unapompigia mtu kura unampa jibu. Kwenye nchi ya mapandikizi jibu lako linapelekwa kwa mtu mwingine. Uliyempigia kwa sababu anapinga kodi fulani anaingia bungeni na kuipitisha, kwa kuwa bosi wake ndiye aliyeileta.

Dhara lingine halionekani sana, nalo liko kwenye vyombo ambako kila chama kinahesabiwa kimoja. Nchi nyingi zina mabaraza ya vyama, kamati za maridhiano, vikao vya ushauri na tume ya uchaguzi, na nafasi za mawakala vituoni. Kama ukumbini kuna vyama kumi na saba vyenye uzito sawa wa sauti, na kumi kati yake vina mwenye kuvilipia nauli, basi taarifa ya pamoja itasema "vyama vya siasa vimeridhishwa na maandalizi". Gazeti litaiandika hivyohivyo, na haitakuwa uongo wa mwandishi.

9. Nani anaumia kuliko wote?

Chama kidogo cha kweli. Hili nalisisitiza kwa sababu watu hudhani anayeumia ni chama kikuu cha upinzani. Kikuu kina jina na watu wake, kitakung'uta vumbi. Kidogo cha kweli kinapoteza mara mbili: kinanyang'anywa viti vilivyowekwa kwa ajili yake, kisha kinaitwa pandikizi pamoja na wengine.

Justice Party cha Korea Kusini kilipigania ile sheria ya 2019. Uchaguzi uliofuata kilipata karibu asilimia 10 ya kura za orodha na viti 6 tu kati ya 300. Mwaka 2024, kikiwa kimeungana na watu wa mazingira, hakikupata hata kimoja.

Na madhara ya jina ni makubwa kuliko ya viti. Mahali ambapo mapandikizi yamezoeleka, kijana anayetaka kuanzisha chama cha wavuvi au cha wakulima wa korosho ataulizwa kwanza "nani amekutuma?" Wengi huacha hapohapo. Hasara hiyo haimo kwenye takwimu za uchaguzi wowote.

10. Lakini vyama vingi si ndiyo demokrasia?

Wingi wa majina peke yake hautoshi. Ujerumani Mashariki ilikuwa na vyama vitano bungeni mpaka uchaguzi wake huru wa 1990. Mojawapo, NDPD, kiliundwa 1948 chini ya usimamizi wa Wasovieti ili kuwakusanya maafisa wa zamani wa jeshi na wafuasi wadogo wa Wanazi, na kingine, DBD, kiliundwa mwaka huohuo kwa ajili ya wakulima. Vyote vilisimama kwenye orodha moja chini ya SED, chama tawala cha Kikomunisti.

Meksiko ni mfano ninaoupenda zaidi kwa kufundishia. Chama cha PRI kilitawala tangu 1929 hadi 2000, na kwa miaka mingi pembeni yake kulikuwa na PPS na PARM ambavyo kila uchaguzi wa rais vilimuunga mkono mgombea wa PRI. Mwaka 1976 chama cha upinzani cha kweli, PAN, kilivurugana ndani na hakikusimamisha mtu. Karatasi ya kura ikabaki na José López Portillo peke yake, akiwa mgombea wa PRI, wa PPS na wa PARM. Vyama vitatu, mgombea mmoja, hakuna mpinzani. Aibu hiyo ndiyo iliyoisukuma serikali yake kubadilisha sheria ya uchaguzi mwaka uliofuata.

## Kuvitambua

11. Nitakitambuaje chama pandikizi?

Hakuna dalili moja inayotosha. Mimi hutazama kinachofanywa kati ya chaguzi mbili, kwa sababu wakati wa kampeni kila mtu ana fulana na spika. Je, mwaka wa pili baada ya uchaguzi ofisi iko wazi? Kimewahi kufanya mkutano wa kuchagua viongozi ambapo mtu mkubwa alishindwa? Wabunge au madiwani wake wanapiga kura upande gani bajeti inapokuja? Kwenye mikutano kinamshambulia nani: mwenye madaraka, au kila siku mpinzani mwenzake? Wagombea wake wanajitoa siku za mwisho, na wakijitoa huwa kwa faida ya nani?

Fedha ndiyo swali la mwisho na gumu kuliko yote. Chama kisicho na ruzuku wala wanachama wanaolipa ada, lakini kikapata magari ya kampeni nchi nzima, kinatudai maelezo. Omba hesabu zake zilizokaguliwa, ni haki yako kuuliza.

12. Chama kikimuunga mkono mgombea wa chama tawala, basi ni pandikizi?

Si lazima. Kinaweza kuwa kimejadiliana kweli, kikapata jambo kwa ajili ya watu wake. Kenya, baada ya uchaguzi wa 2022, chama cha UDM kilichokuwa ndani ya muungano wa Azimio kilihamia upande wa Kenya Kwanza, muungano ulioshinda urais. Waliokipigia kura wana haki ya kukasirika, lakini kuhama si sawa na kupandikizwa. Anayehama alikuwa na mahali pa kutoka. Uliza kama uamuzi ulipitia vikao vyake, na kama kingeweza kukataa.

## Sheria na dawa

13. Kwa nini msajili asivifute tu?

Naielewa hasira iliyo nyuma ya swali hili, lakini siungi mkono. Ukimpa ofisa mmoja mamlaka ya kuamua kwamba chama hiki "si cha kweli", wa kwanza kufutwa hatakuwa pandikizi, maana pandikizi lina mlezi mwenye nguvu. Atafutwa yule asiye na mtu. Dawa nzuri ni ile inayoondoa faida ya kupandikiza, ili hata wakiunda vyama ishirini wasipate kitu.

14. Lesotho walitibuje?

Walipitisha sheria mpya ya uchaguzi 2011, na kiini chake ni kitu kimoja: karatasi ya kura ikawa moja badala ya mbili. Unaweka alama moja, inahesabika kwa mgombea wa jimbo na hapohapo kwa chama chake. Hapo ujanja wa "huku LCD, kule NIP" ukafa, kwa kuwa hakuna tena kule.

Mwaka uliofuata Pakalitha Mosisili, waziri mkuu aliyekuwa na viti 82 vya kambi yake, alikuwa amejitenga na LCD na kuunda Democratic Congress. Chama hicho kikaongoza kwa viti 48, All Basotho Convention (ABC) ikapata 30, LCD 26. ABC, LCD na BNP wakaungana, na Tom Thabane akaapishwa kuwa waziri mkuu wa serikali ya kwanza ya mseto nchini humo.

Ina gharama yake: mpiga kura anayempenda mgombea lakini hakipendi chama chake hana tena pa kulisema hilo. Binafsi naona ni bei inayolipika.

## Penye utata

15. Upinzani ukiunda pandikizi kujilinda, ni kosa pia?

Ndiyo. Kule Lesotho ABC ilifanya mpango uleule na Lesotho Workers' Party: majimbo 17 kwa mmoja, viti 10 vya fidia kwa mwingine. Korea Kusini nako, kila upande ulisema mwenzake ndiye aliyeanza. Naelewa kwamba anayebaki mwaminifu peke yake ananyolewa. Lakini upinzani uliotumia hila hiyo hauwezi kwenda mahakamani kesho yake kuilalamikia kwa uso mkavu, na Basotho walilijua hilo.

16. Na chama cha akiba, kinachowekwa kwa hofu ya kufungiwa?

Hiki nakiweka kando. Uturuki, mwaka 2023, chama cha HDP kilikuwa na kesi ya kufutwa mahakamani, hivyo wagombea wake wakasimama kupitia chama kingine, Yeşil Sol. Wapiga kura walijua, hakuna kiti kilichopatikana mara mbili, na mpango ulikuwa wa kumkwepa mwenye rungu, haukumlenga mpiga kura. Jibu la swali la 2 linatosha: hakuna aliyefichwa.

17. Pandikizi linaweza kumgeuka aliyelipanda?

Limewahi, na si mara moja. PARM, kile chama cha pambo cha Meksiko, ndicho kilichokuwa cha kwanza kumpa Cuauhtémoc Cárdenas tiketi ya urais mwaka 1987 alipovunja uhusiano na PRI. PPS ikafuata. Uchaguzi wa 1988 ukawa wa kwanza kuitikisa PRI kwelikweli.

Poland ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Vyama vya ZSL na SD vilikuwa vimekaa pembeni ya Wakomunisti miaka arobaini vikiitikia. Juni 1989 uchaguzi ulipangwa ili kambi hiyo ipate asilimia 65 ya viti vya bunge la chini hata kama itashindwa kila mahali palipokuwa na ushindani. Solidarity, upinzani uliotokana na chama cha wafanyakazi, ilishinda viti vyote 161 ilivyoruhusiwa kugombea, lakini bunge lilikuwa na viti 460. Wakomunisti 173, ZSL 76, SD 27. Agosti, wale wawili wakahama. Waliohama walikuwa watu walewale waliozoea kuinua mkono wakiambiwa, na tarehe 24 Agosti waliuinua kumchagua Tadeusz Mazowiecki kuwa waziri mkuu.